Warsha za uandishi na jukwaa kwenye matamasha ya sanaa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa ajili yako unayefikiria kujiandikisha kwenye warsha ya utunzi au uigizaji wakati wa tamasha la sanaa, hasa hapa mwambao: Bagamoyo, Zanzibar, Lamu na kwingineko. Majibu ni ya mwezeshaji wa warsha, si ya ofisi ya tamasha lolote. Ratiba, fomu na ada ziulize kwa waandaaji wenyewe, maana hubadilika kila mwaka. Nimeyapanga maswali kwa jinsi yanavyonifikia, kwa hiyo mengine yana majibu marefu na mengine mafupi.

Warsha ni nini hasa? Ina tofauti gani na semina?

Kwenye semina unakaa, unasikiliza, unaandika dondoo, unapewa cheti. Kwenye warsha unatunga. Ukitoka bila kipande chako mwenyewe kilichosikiwa na watu wengine, hapo hapakuwa na warsha, hata kama bango lilisema hivyo.

Warsha ya tamasha ina jambo moja la ziada, nalo ndilo linalonifanya niipende kuliko kozi ndefu: kuna jukwaa linakungoja. Unaanza asubuhi ukiwa na sentensi mbili kwenye daftari, na baada ya siku chache kuna watu wamekaa kwenye viti wanataka kusikia. Hapo unalazimika kuamua. Neno ambalo nyumbani ungelibembeleza mwezi mzima, hapa unalikata kwa sababu umelisikia likikwama mdomoni mwako mbele ya wenzako. Kila jibu utakalosoma hapa chini linatokana na imani hiyo: kazi ya jukwaani isikike mapema, ingali changa, kabla mwenyewe hujaizoea mno.

Matamasha gani yana warsha kama hizi?

Bagamoyo ni mahali pa kuanzia. Tamasha lake la kimataifa la sanaa na utamaduni lipo tangu miaka ya 1980, na huandaliwa na TaSUBa, taasisi iliyoanza mwaka 1981 ikiitwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Pale sanaa ya jukwaa ni masomo ya mwaka mzima, kwa hiyo hata usipopata warsha rasmi utakutana na walimu na wanafunzi wa ngoma, maigizo na muziki wanaofanya mazoezi chini ya miti, na wengi hawamfukuzi anayeuliza kwa adabu.

Zanzibar kuna Sauti za Busara, la muziki, linalofanyika Februari tangu 2004, na Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, ZIFF, ambalo wengi wanalijua kwa jina la Tamasha la Nchi za Jahazi. Mtunzi wa mashairi asiyapuuze haya mawili kwa sababu moja ni la muziki na jingine la filamu. Mtu anayeandika maneno ya nyimbo na mtu anayeandika mazungumzo ya filamu wanatatua tatizo lile lile unalolitatua wewe, la kusema mengi kwa maneno machache yanayotamkika. Lamu nako kuna tamasha la utamaduni ambamo mashairi husikika siku zile zile za mbio za punda na mashindano ya mashua.

Warsha za uandishi hazipo kila mahali kila mwaka. Angalia ratiba ya mwaka husika, na ukiona haisemi kitu, piga simu uulize. Vikundi vya warsha huwa vidogo kwa sababu kila mtu lazima asikilizwe, kwa hiyo anayeuliza mapema ndiye anayepata.

Sijawahi kuandika chochote zaidi ya ujumbe wa simu. Naruhusiwa?

Karibu sana. Tena njoo na simu yako, kwa sababu mtu anayejua kumwomba radhi dada yake kwa ujumbe wa mistari mitatu tayari anajua kuchagua maneno. Swali la kujiuliza ni hili: je, una jambo linalokukera, linalokuhuzunisha au linalokufurahisha kiasi kwamba umelisimulia zaidi ya mara moja? Kama lipo, njoo nalo.

Na kama sijui kusoma na kuandika vizuri?

Njoo pia. Hili naulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi na watu wazima, na jibu langu ni lile lile kila mara. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu aliyezaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880 katika familia maskini, hakupitia shule. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi, na sahani zake za santuri zikamfanya ajulikane mwambao mzima. Nyimbo alizibeba kichwani na kinywani.

Kwa mshiriki wa namna hii tunatumia rekoda ya simu. Unasema, tunakurudishia sauti yako, unasikia palipolegea, unasema upya. Mwenzako mmoja anaandika ili nakala ipatikane, lakini utunzi unabaki kuwa wako. Mwambie mwezeshaji tangu siku ya kwanza, faragha, ili asije akakupa karatasi usome mbele ya watu.

Lazima nitunge kwa vina na mizani?

Hapana, si lazima. Vina ni silabi zinazofanana kwenye vituo vya mistari, na mizani ni hesabu ya silabi katika mstari. Ila nakuomba ujifunze kuhesabu kabla ya kuacha kuhesabu.

Ugomvi huu ni wa zamani. Sheikh Kaluta Amri Abedi alichapisha kanuni za utungaji mwaka 1954, na kizazi kizima cha malenga kikajifunzia humo. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi akatoa diwani isiyojifunga kwa vina wala mizani, na mabishano yakawaka magazetini na vyuoni: je, hilo ni shairi au ni nathari iliyokatwakatwa? Leo pande zote mbili zina wasomaji na wasikilizaji wake, na warshani wanakaa meza moja.

Kwa nini basi nasisitiza kuhesabu? Kwa sababu mizani inafundisha pumzi. Chukua ubeti huu wa tarbia, yaani shairi la mistari minne kila ubeti, niliouandaa kwa ajili ya mazoezi:

*Nimekuja na maneno, yaliyolala moyoni,*
*Niyatoe kwa mfano, yasikike barazani,*
*Sihitaji majivuno, nisikizwe ukumbini,*
*Shairi ni mapatano, wa jukwaani na chini.*

Kila mshororo, yaani mstari, una mizani 16: nane ukwapi, kipande cha kwanza, na nane utao, kipande cha pili. Hesabu kwa vidole: ni-me-ku-ja-na-ma-ne-no. Kwenye "mfano", ile "m" inasimama peke yake, ni mizani moja kamili. Kwenye "ukumbini", "mbi" inakwenda kwa pamoja, haikatwi. Wanaoanza hukosea hapo, na kosa hilo hulisikii ukisoma kimya. Sasa ghani kwa sauti. Utaona kwamba koma ya katikati inakupa nafasi ya kuvuta pumzi bila kuikata maana, na kwamba kina cha kati, "no", kinamwandaa msikilizaji kabla cha mwisho, "ni", hakijamfikia. Wazee waliotunga hivi walijua urefu wa pumzi ya binadamu.

Ukishaelewa hilo, andika shairi huru ukitaka. Lakini sasa utajua kwamba mstari wako wenye mizani 31 utakumalizia pumzi, na utauweka hivyo kwa makusudi au utauvunja. Mtunzi wa shairi huru asiyejali pumzi huwa anaonekana akifika jukwaani: anameza mate katikati ya neno muhimu.

Utenzi nao usiusahau. Vipande vyake ni vifupi, mizani nane nane, vinne katika kila ubeti, na kina cha mwisho hakibadiliki toka mwanzo hadi mwisho. Kwa kusimulia kisa kirefu jukwaani, sijaona umbo linalomchukua msikilizaji kwa urahisi kama hilo.

Siku ya warsha inaendaje?

Kila mwezeshaji ana utaratibu wake. Kwangu tunaanza wima: tunatembea, tunatikisa mikono, tunatamka silabi, kwa sababu sauti inatoka mwilini na mwili uliolala hautoi sauti. Kisha zoezi fupi la kuandika, dakika kumi bila kufuta. Mara nyingi ninatoa jambo la kuonekana kwa macho: msemo wa kanga aliyoivaa mmoja wetu, jina la jahazi lililo ufukweni, harufu ya samaki wanaokaangwa pale soko la samaki Bagamoyo. Naepuka mada kubwa kama upendo na amani. Mtu akipewa "amani" anaandika hotuba. Akipewa kanga ya mama yake inayosema jambo ambalo mama hakuweza kulisema kwa mdomo, anaandika kitu ambacho hakuna mwingine chumbani anaweza kukiandika.

Baada ya chai tunasomeana. Mchana, jua linapokuwa kali, ndio wakati wa kuandika upya, kila mtu na kona yake. Jioni ni jukwaa: nani anasimama wapi, nani anaingia baada ya nani. Adhana ikilia tunanyamaza, na wanaokwenda kuswali wanakwenda. Ratiba ya pwani isiyoacha nafasi ya swala imepangwa na mtu asiyeijua pwani.

Naogopa jukwaa. Mikono inatetemeka, sauti inakauka. Nifanyeje?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na nitalijibu kwa urefu.

Kwanza, woga hautoki, unapangiwa kazi. Mwili unaotetemeka una nguvu nyingi kuliko unavyohitaji, basi uupe pa kuitumia. Kabla ya kupanda, kanyaga chini kwa uzito kwenye miguu yote miwili, upana wa mabega, usiegemee mguu mmoja. Toa pumzi yote nje kabla ya kuvuta mpya. Watu wengi huvuta pumzi juu ya pumzi, kifua kinajaa, sauti inapanda juu na kuwa nyembamba. Ukitoa kwanza, pumzi inayofuata inashuka yenyewe hadi tumboni.

Pili, panga sekunde tano za mwanzo kwa undani kuliko sehemu nyingine yoyote. Fika, simama, angalia watu, nyamaza kidogo, kisha mstari wa kwanza. Mstari huo uujue hata ukiamshwa usiku. Usianze kwa kusema "samahanini, sikujiandaa vizuri". Hadhira haikuja kukuhukumu, na sentensi hiyo ndiyo inayoifanya ianze.

Tatu, wape wasikilizaji kazi. Hapa kwetu hakuna aliyelelewa kukaa kimya mbele ya msimuliaji. Ukisema "Paukwa!" watajibu "Pakawa!", hata kama ni mabalozi na mawaziri waliovaa suti. Kama shairi lako lina kibwagizo, wafundishe mwanzoni, waitikie. Kila wanapoitikia wewe unapumzika, na ukumbi unakuwa upande wako.

Nne, ijue sehemu. Ngome Kongwe ya Zanzibar haina paa: upepo wa baharini unachukua mwisho wa maneno, na mji unaendelea na shughuli zake nje ya kuta. Pale irabu zako zinahitaji kurefuka na konsonanti za silabi ya mwisho kukazwa. Chumba kidogo chenye sakafu ya saruji kinafanya kinyume, sauti inagonga ukuta na kurudi, kwa hiyo unapunguza kasi. Nenda mapema, simama pale utakaposimama, mwombe mwenzako akae kiti cha nyuma kabisa, umsomee mistari minne. Akikwambia "sikusikia neno la tatu", amekusaidia kuliko pongezi zote utakazopewa baadaye.

Tano, maiki. Iweke karibu na kidevu, umbali wa ngumi moja hivi, usiile. Ukitaka kupaza sauti, rudi nyuma kidogo. Ukitaka kunong'ona, sogea. Fundi mitambo msalimie kwa jina lake kabla ya onyesho. Yeye ndiye anayeshika sauti yako usiku huo.

Nisome kwenye karatasi, kwenye simu, au nighani kwa kichwa?

Kwa kichwa, ukiweza. Ukishindwa, karatasi. Simu ni chaguo la mwisho: mwanga wake unakupaka uso rangi ya buluu, kioo kinazima katikati ya ubeti, na shangazi anapiga. Andika kwa herufi kubwa kwenye kadi ngumu ili isipeperuke wala kuonyesha mtetemeko wa mkono.

Naweza kutumia lahaja yangu, Sheng, au lugha ya nyumbani?

Tumia. Malenga Muyaka bin Haji alitunga kwa Kimvita, lahaja ya Mombasa, karne ya 19, hakusubiri mtu amsanifishie, na bado tunamsoma. Mshiriki wa Lubumbashi au Bukavu akileta Kiswahili cha kwao, wa Nairobi akaleta Sheng, wa Pemba akaleta Kipemba, warsha inapata muziki ambao mwongozo wa sarufi hauwezi kuuleta. Wahaya wana ebyebugo, majigambo ambayo kasi yake peke yake ni somo. Wakati mwingine namwomba Mhaya aliyepo atughanie kwa Kihaya bila tafsiri, tusikilize mapigo tu.

Sharti langu ni moja. Lugha uliyoichagua uimudu. Mtu wa Dodoma anayeweka maneno ya Kiamu, lahaja ya Lamu, ili shairi linukie ukale hugundulika mbele ya Mwamu wa kwanza atakayemsikia.

Mwezeshaji ni mgeni na anaendesha kwa Kiingereza. Nifanye nini?

Omba mkalimani, bila kuona haya. Waandaaji wazuri huweka mmoja. Kisha andika kwa Kiswahili. Usikubali kutafsiri shairi lako ili lirekebishwe kwa lugha nyingine halafu ulirudishe. Litarudi limepoteza vina, mizani na utani, yaani kila kilicholifanya kuwa lako. Mgeni anaweza kukufundisha mengi kuhusu muundo, kuhusu kusimama, kuhusu kuukata mwanzo mrefu. Kuhusu sikio la Kiswahili, msikilize mzee aliyekaa pembeni mwa chumba.

Maoni ya wenzangu yatakuwaje? Sitaki kuaibishwa.

Hutaaibishwa ikiwa mwezeshaji anaijua kazi yake. Kanuni ninazozitumia ni hizi. Mwenye kazi anasoma mara mbili, bila maelezo ya utangulizi. Wasikilizaji kwanza wanasema walichosikia: picha gani imebaki, mstari gani wanaukumbuka. Hilo peke yake humwonyesha mtunzi mengi, kwa sababu mara nyingi mstari alioufia hakuna aliyeukumbuka, na ule aliouweka kupitisha wakati ndio watu wote wameubeba. Baadaye wanasema walipopotea. Hakuna anayesema "mimi ningeandika hivi". Na mwenye kazi ananyamaza muda wote huo, jambo gumu kuliko kuandika kwenyewe.

Kuna tabia ya hapa kwetu ninayoipiga vita kwa upole: heshima inayogeuka kuwa ukimya. Mzee akisoma, vijana wanapiga makofi na kusema "shairi zuri sana, mzee wetu". Mzee amesafiri kutoka Tanga kwa basi kuja kupata kitu, naye anaondoka mikono mitupu. Kumheshimu ni kumwambia, kwa lugha ya adabu inayomstahili, "Shikamoo mzee, ubeti wa tatu umenipotea, tunaomba utusaidie hapo". Wazee wengi hufurahi kuulizwa hivyo. Mashairi ya kujibizana, ambapo malenga mmoja anauliza na mwingine anamfungulia fumbo kwa vina vile vile, ni ukosoaji wa hadharani uliostaarabika, nao uko kwetu tangu enzi.

Upande wa pili, wapo wanaokuja warshani ili waonekane wajuzi. Mwezeshaji awazuie siku ya kwanza. Binti aliyesoma kwa mara ya kwanza maishani akichekwa, huenda asisome tena.

Nataka kuigiza, si kuandika. Kuna nafasi?

Ipo, ila utaandika pia, na mwandishi ataigiza. Tunatenganisha kazi hizi mbili kwenye karatasi za ratiba tu.

Kwa vikundi, napenda kuanza na ngonjera. Mathias Mnyampala aliikuza kuwa umbo la kufundishia umma baada ya Azimio la Arusha la 1967, na shule nyingi za Tanzania bado huwapanga watoto mstari kughani ngonjera kwa mgeni rasmi. Kwa bahati mbaya imegeuzwa kuwa pongezi kwa mkuu wa wilaya. Irudishe kwenye mabishano: wahusika wawili wenye hoja zinazopingana kweli, kila mmoja akishinda kwa zamu. Mama mkwe na mkwe, dereva wa bodaboda na trafiki, mvuvi na afisa uvuvi. Ikiwa upande mmoja ni mjinga toka mwanzo, hakuna igizo.

Kisha tunapanua kuwa mchezo mfupi. Hapa tuna mapokeo ya kujivunia. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Muhando Mlama, Amandina Lihamba na wenzao walipeleka sanaa za maonyesho vijijini, wanakijiji wakatafiti matatizo yao, wakayaigiza, wakayajadili papo hapo. Kenya, mwaka 1977, wakazi wa Kamĩrĩĩthũ karibu na Limuru walishiriki kuandaa igizo la Kigĩkũyũ la Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mazoezi yalifanyika hadharani, na watu walisahihisha lugha na matendo, maana waliyajua mashamba na viwanda kuliko waandishi. Serikali ilisimamisha maonyesho mwaka huo huo, na Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini kabla mwaka haujaisha. Nawasimulia washiriki habari hii kila mara ili wajue kwamba mazoezi ya wazi, ambamo mpita njia anaruhusiwa kusema "hivyo sivyo kibarua anavyoongea na mnyapara", yana uzito.

Wanawake, na hasa kina mama wenye watoto wachanga?

Njooni na watoto. Uliza waandaaji kama kuna chumba na mtu wa kusaidia. Wakisema hawakufikiria, umewasaidia kufikiria. Mwana Kupona wa Pate alitunga utenzi wake mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, akiwa mgonjwa, ndani ya nyumba. Utunzi wa wanawake wa pwani haujaanza leo wala haukuanzia jukwaani. Kama familia haipendi uonekane usiku kwenye hadhara, kuna njia: onyesho la mchana, kikundi cha wanawake watupu, au mwenzako akughanie kazi yako huku jina lako likitajwa.

Watoto na wanafunzi?

Kama kuna kipindi chao, waleteni. Barua ya mzazi iwe imeandikwa, na mtu mzima anayewajua awepo muda wote. Kwa watoto tunatumia vitendawili na hadithi za kuitikia. Hawahitaji nadharia.

Kazi nitakayotunga ni ya nani?

Ni yako. Kwa sheria ya Tanzania ya hakimiliki ya mwaka 1999, ulinzi unaanza kazi inapotungwa. Usajili hauleti haki, unasaidia kuithibitisha. Ofisi inayohusika Tanzania Bara ni COSOTA, Zanzibar ni COSOZA, na Kenya ni KECOBO. Haki hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kifo.

Tatizo huja kwenye kazi za kikundi. Watu wanane wametunga igizo kwa siku tatu, mwaka unaofuata mmoja wao analiuza kwa redio. Andikeni karatasi moja kabla ya kuagana: majina ya wote, tarehe, nani aruhusiwe kuliigiza tena, na pesa ikipatikana igawanywe vipi. Mtie sahihi. Wengi wanaona aibu kuzungumzia pesa mbele ya marafiki, na urafiki ndio unaolipa gharama ya aibu hiyo.

Soma pia fomu ya usajili wa tamasha. Baadhi zina kifungu kinachowapa waandaaji haki ya kurekodi na kutumia video yako. Kutangaza tamasha ni sawa. Kuuza ni jambo jingine, na una haki ya kukikata kifungu hicho kwa kalamu kabla ya kutia sahihi.

Kuna gharama?

Zingine ni bure, zingine zina ada. Uliza mambo manne kwa maandishi: ada inajumuisha chakula? Malazi? Nauli? Tiketi ya maonyesho ya jioni? Wakazi wa eneo na wanafunzi mara nyingi hupewa punguzo wakiomba. Omba.

Nije na nini?

Daftari la karatasi, kalamu mbili, chupa ya maji, chaja, kanga au kikoi. Nguo zinazokuruhusu kukaa chini, na zinazoheshimu mji: Mji Mkongwe, Bagamoyo na Lamu ni miji ya watu wanaoishi, wana misikiti na watoto mlangoni. Kazi yako moja ya zamani pia, kama unayo, hata ile usiyoipenda. Hasa hiyo.

Baada ya tamasha, nipeleke wapi kazi yangu?

Iache kwanza wiki mbili, halafu irekebishe ukikumbuka palipochekwa na palipopigiwa makofi. Mashairi mafupi jaribu magazeti. Taifa Leo la Kenya limekuwa likichapisha mashairi ya wasomaji kwa miaka mingi. Ukiwa na mswada kamili kuna Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 ikiitwa Mabati-Cornell, na kwa Tanzania kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa mwaka 2023. Masharti yasome neno kwa neno. Miswada mizuri huondolewa kwa idadi ya kurasa tu. Na tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, shule, vyuo na balozi hutafuta watu wa kughani. Waandikie mwezi wa tano, si tarehe 5 Julai.

Nimekosa nafasi. Nisubiri mwaka mzima?

Usisubiri. Tafuta wenzako wawili au watatu; mkizidi sana, muwe sita. Mkutane kila wiki siku ile ile, barazani kwa mmoja wenu. Kila mtu alete kisichozidi ukurasa mmoja. Someni mara mbili, semeni mlichosikia, semeni mlipopotea, mwenye kazi anyamaze. Mkifikisha kazi tano zilizoiva, waendeeni waandaaji wa tamasha la mwaka unaofuata mkiwa kikundi chenye onyesho la dakika 20 lililokwishafanyiwa mazoezi, na mkaombe nafasi ya jukwaa.